Ng'ombe Kafa Ghafla Malishoni: Mwongozo Kamili wa Kusoma Mzoga Kabla ya Kushika Kisu

Ng'ombe akianguka malishoni huku kwetu, kuanzia mabonde ya Ruvu na Wami kule Bagamoyo hadi Mkata, Kabuku na Handeni, kitu cha kwanza kutafutwa ni kisu. Sababu inaeleweka. Akikata roho mwenyewe ni kibudu: Mwislamu hali na buchani hauziki. Akiwahiwa kuchinjwa, mfugaji anaokoa walau sehemu ya fedha yake. Kwa ng'ombe aliyevunjika mguu hesabu hiyo ni sawa kabisa. Kwa ng'ombe aliyetoka zizini asubuhi akiwa mzima, na saa nane mchana anatetemeka na kuhema, ni hesabu inayoweza kupeleka watu wa nyumba nzima hospitali.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na mazoea. Mzoga unasomwa kwa nje kwanza, pamoja na mahali ulipolala na njia kundi lilikopita. Kisu kinakuja mwisho, mkononi mwa daktari wa mifugo, na mara nyingine hakiji kabisa.

Hatua ya 1: Simama kando, angalia matundu

Funga mbwa. Ondoa watoto. Usimgeuze mnyama, usimburute, usimvue hata kengele. Ukiwa hatua chache tu kutoka alipo, angalia pua, mdomo, masikio, mkundu na, kama ni jike, uke. Unatafuta damu, dalili ya kimeta (anthrax), ugonjwa wa bakteria unaoua ng'ombe ghafla na kuambukiza watu. Damu ya kimeta huwa nyeusi, nyepesi, na haigandi. Inaendelea kuchuruzika muda mrefu baada ya mnyama kufa. Kisha angalia miguu. Kwa kawaida mzoga hukakamaa saa chache baada ya kifo, lakini wa kimeta mara nyingi haukakamai sawasawa.

Tumbo lililovimba lisikupe jibu la haraka. Vitabu vingi vinataja kuvimba upesi kuwa dalili ya kimeta, na ni kweli, ila kwa joto la Pwani mzoga wowote utakuwa umejaa gesi kabla jua halijatua. Kama hukuuona muda mfupi baada ya kufa, tumbo peke yake halikwambii kitu.

Na kinyume chake ni muhimu zaidi: kukosa damu matunduni hakumaanishi si kimeta. Wapo ng'ombe wanaokufa kwa kimeta bila kutoa tone. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo wana msimamo mmoja: kila kifo cha ghafla kisicho na sababu ya wazi ni kimeta mpaka maabara ikatae.

Kwa nini hofu yote hii juu ya kisu? Bakteria wa kimeta, *Bacillus anthracis*, akiwa ndani ya mzoga uliofungwa ana maadui wengi. Uozo wenyewe humuua ndani ya siku chache. Ukimpasua mnyama, damu inakutana na hewa, na bakteria hao wanajigeuza kuwa spora zenye ganda gumu linalostahimili jua, ukame na mvua kwa miaka mingi, hata makumi ya miaka. Aliyechinja pale chini ya mkwaju amepanda kimeta pale chini ya mkwaju, na wajukuu wake watachungia hapo hapo.

Hatua ya 2: Soma mahali, kisha zungumza na mchungaji

Zunguka eneo kwa mduara mpana. Je, nyasi zimevurugwa na miguu iliyokuwa ikipiga ardhi, au mnyama amelala kama aliyesinzia? Je, ana majani mdomoni bado? Kuna mti wenye gome lililochanika, au waya wa uzio karibu? Ng'ombe wawili watatu waliolala pamoja chini ya mti baada ya mvua ya ngurumo, wengine wakiwa na nyasi mdomoni na manyoya yameungua mstari, hao wamepigwa na radi. Hii ni mojawapo ya sababu chache zinazoweza kutambulika kwa macho, na hata hapo jiulize kama mvua ilinyesha kweli.

Tafuta makopo na mifuko. Chupa ya dawa ya mikorosho iliyotupwa mtoni, mfuko wa mbolea ya urea uliopasuka, dimbwi la maji ya kuogeshea lililoachwa wazi jirani na josho. Angalia mashamba yaliyo karibu, hasa ya mihogo na mtama. Ona kama nyayo zimeingia huko.

Halafu mchungaji. Mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na kitu, au mfanyakazi aliyekuja kutoka mbali, na anajua kwamba ng'ombe mmoja ni zaidi ya mshahara wake wa miezi mingi. Ukimfokea atasema "sijui, nimemkuta kalala". Nimeona wazee wenye busara wakifanya tofauti: wanamkalisha kivulini, wanampa maji, wanamwambia wazi kwamba mshahara hautaguswa. Hapo ndipo yanatoka maneno ya maana: kundi liliingia shamba la mtu, ng'ombe alikunywa maji akatembea kidogo akaanguka, alikuwa anachechemea tangu jana. Muulize mambo manne. Mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi? Alikula nini ambacho si kawaida? Alianguka akipiga miguu au alinyamaza? Kuna mwingine aliyezubaa kundini?

Hatua ya 3: Panga watuhumiwa

Sababu za vifo vya ghafla ni nyingi, lakini kila moja ina tabia yake. Hapa nitakaa zaidi kwenye zile zinazopatikana sana ukanda huu.

*Kimeta* huua ng'ombe wa umri wowote, hata kwa saa chache tu. Hutokea zaidi pale wanapolamba majani mafupi karibu na udongo mwishoni mwa kiangazi, au mvua zinapofukua na kusomba udongo wa mahali palipowahi kufa mnyama. Waulize wazee wa eneo: wanajua ni bonde gani "huwa linakula ng'ombe".

*Chambavu* huchagua. Huchukua ng'ombe wa kati ya miezi sita na miaka miwili, tena wale walionona. Mfugaji hulalamika kwamba kila mara anakufa mtamba mzuri kuliko wote, na hiyo yenyewe ni dalili. Kabla ya kufa huchechemea, na paja au bega huvimba. Ukigusa uvimbe huo kwa mnyama aliye hai, unasikia kitu kama karatasi kavu ikikunjwa chini ya ngozi, nayo ni gesi. Huongezeka baada ya mvua na mafuriko. Tofauti na kimeta, chambavu hakimwambukizi mchunaji, lakini usimchune ili kuthibitisha ni kipi kati ya hivyo viwili.

*Mihogo na mtama mchanga.* Watu wa Tanga tunalima mihogo mingi, na maganda mabichi hutupwa uani ambako ng'ombe hujipatia. Mihogo, hasa michungu, majani yake na maganda mabichi vina sumu ya sianidi. Mtama nao una sumu hiyo ukiwa mchanga chini ya sentimita 60 hivi, au ukichipua upya baada ya kukatwa au kupigwa na ukame. Ng'ombe mwenye njaa akishiba humo anahema kwa nguvu, anayumba, anaanguka na kufa ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Damu yake, ikiwa bado mbichi, ni nyekundu ya kung'aa kupita kawaida. Ukiwahi akiwa hai, daktari anaweza kumchoma sodiamu thayosalfeti kwenye mshipa na akanyanyuka. Katika sumu zote hii ndiyo yenye matumaini, mradi daktari awe karibu. Maganda yakikaushwa juani vizuri sumu hupungua sana. Usiwape mabichi.

*Vichaka vya* Dichapetalum. Hapa ndipo vifo "visivyoelezeka" vya Pwani mara nyingine hujificha. Jamii kadhaa za kichaka hiki huota kwenye misitu na vichaka vya ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki, na baadhi zina fluoroasetati, sumu inayozuia seli kutengeneza nguvu hadi moyo unasimama. Kichaka hutoa majani mabichi wakati nyasi bado ni kavu, na majani machanga ndiyo makali zaidi. Ng'ombe huyala, anaonekana mzima, kisha anapopelekwa mbio au baada ya kunywa maji anaanguka na kufa. Mzoga hauna jeraha wala damu matunduni, na ukipasuliwa huenda usione cha ajabu. Ukisikia kutoka kwa mchungaji kwamba wanyama huanguka wakitoka kunywa, na vifo vinakuja mwisho wa kiangazi baada ya kuhamia kichakani, mwambie daktari maneno hayo hayo. Na wale waliobaki usiwakimbize; waache wapumzike kivulini na uwatoe eneo hilo polepole.

*Dawa za kuua wadudu wa mimea na za kupe.* Mate yanabubujika, misuli inatetemeka, anakojoa na kuharisha, anakufa akipiga miguu. Kwa kawaida wengi huanguka kwa siku moja. Mbolea za chumvichumvi nazo huua: nitreti hugeuza damu kuwa ya kahawia.

*Tumbo kujaa gesi* akiwa hai. Ubavu wa kushoto umeinuka kama ngoma, anahangaika, ulimi nje. Huyu unaweza kumsaidia: msimamishe kichwa kikiwa juu, mnyweshe nusu lita ya mafuta ya kupikia polepole asipaliwe, mtembeze. Kumtoboa ubavu wa kushoto ni kazi ya mwenye chombo chake na mafunzo, isipokuwa anakufa mbele yako na huna mwingine wa kumwita.

*Maji moyo* huletwa na kupe mkubwa mwenye mgongo wa rangi rangi. Ng'ombe walionunuliwa minadani bara na kuletwa Pwani ndio hufa zaidi, maana hawajazoea kupe wetu. Anazunguka, anatafunatafuna bila chakula, anapiga miguu hewani, anakufa. Mbuzi na kondoo nao hufa kwa ugonjwa huu.

Nyoka pia wapo. Wa kifutu hukuacha na uvimbe mkubwa usoni au mguuni. Wa koboko au fira huenda usione kitu.

Ndigana kali na ndorobo nimewaacha makusudi. Ndigana kali huua, lakini huja na homa na matezi yaliyovimba chini ya sikio kwa siku kadhaa. Akikutwa amekufa "ghafla" maana yake hakuna aliyemtazama wiki nzima. Ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, hukondesha kwanza. Ukanda wa Saadani unajulikana kwa mbung'o kiasi kwamba Ranchi ya Mkwaja, iliyohangaika nao kwa miaka mingi, ilifungwa mwaka 2000 na ardhi yake sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Hatua ya 4: Piga simu kabla ya kumwambia mnunuzi wa nyama

Mpigie bwana mifugo wa kata, naye amfikishie daktari wa mifugo wa wilaya. Mtaarifu pia mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu yeye ndiye atakayeweza kuzuia watu wasije na mapanga. Kimeta ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Kukaa kimya ni kosa. Wafugaji wengine huogopa kwamba taarifa italeta karantini na mnada ufungwe. Ni kweli inaweza kutokea. Ila karantini ya wiki chache ni nafuu kuliko kuzika ng'ombe mmoja mmoja kila kiangazi.

Simuni sema: wamekufa wangapi, umri gani, saa ngapi, damu ipo au haipo, wamekula wapi, wamechanjwa lini, na nani ameshagusa mzoga. Ukiwa na simu ya picha, piga picha kutoka mbali: mzoga wote, kichwa, matundu, na mazingira.

Sampuli achukue mtaalamu. Kwa kimeta hahitaji kupasua. Anachukua damu kidogo kwenye mshipa wa sikio, anaipaka juu ya kioo, inakauka, inapelekwa maabara kupakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Tanga, na maabara yake kuu ipo Temeke, Dar es Salaam, ambako Bagamoyo ni rahisi kufika. Kwa wasiwasi wa sumu, mhifadhie daktari kilichobaki: kipande cha kichaka, maganda, chupa tupu, maji ya dimbwi kwenye chupa safi.

Hatua ya 5: Linda mzoga, kisha uondoe vizuri

Daktari anaweza kuchelewa. Barabara za Kilindi na Handeni wakati wa masika tunazijua. Katika muda huo kazi yako ni moja: fisi, mbwa, tai na binadamu wasiufungue. Ufunike kwa turubai kama lipo, kisha matawi ya miiba juu na pembeni kwa wingi. Weka mtu wa zamu.

Kama ni kimeta au kinashukiwa, njia bora ni kuchoma mahali pale pale. Unahitaji kuni nyingi sana. Mzoga uinuliwe juu ya magogo ili moto upite chini. Udongo uliolowa damu uchimbwe na utupwe motoni humo humo. Kama kuchoma hakuwezekani, zika shimo la kina kisichopungua mita 2, mbali na visima, mito na njia ya maji ya mvua. Mabonde ya Ruvu na Wami yana maji karibu na juu. Huko shimo la mita 2 linaweza kujaa maji kabla hujamaliza kuchimba, kwa hiyo chomeni. Wengi humwaga chokaa shimoni. Kwa kimeta siku hizi haishauriwi, maana kalsiamu inadhaniwa kuzisaidia spora kudumu.

Wanaobeba wavae glovu na mabuti, na wazibe matundu kwa vitambaa na kufunika kichwa kwa mfuko mzito wa nailoni. Msiburute mzoga ardhini. Damu itaandika mstari wa ugonjwa njia nzima. Mkimaliza, weka alama na uzio wa miiba, msichungie hapo.

Hatua ya 6: Watu waliokwisha shika

Hapa hakuna aibu wala kufichana. Aliyechinja, aliyechuna, aliyebeba, aliyepika na aliyekula wahesabiwe majina. Waoge kwa sabuni na maji mengi, nguo zichemshwe. Kisha waende kituo cha afya na waseme neno hili waziwazi: "Nimeshika ng'ombe aliyekufa ghafla." Bila hilo, mganga atatibu malaria.

Kimeta cha ngozi huanza na kipele kinachowasha, kwa kawaida ndani ya wiki moja, kikawa malengelenge, kisha kidonda chenye gamba jeusi katikati na uvimbe pembeni. Hakiumi, na kwa sababu hakiumi watu hukidharau. Kisipotibiwa kinaweza kuua hadi mtu 1 kati ya 5. Kikitibiwa kwa antibiotiki mapema, vifo ni nadra. Aliyekula nyama anaweza kutapika, kuumwa tumbo na kuharisha damu; huyo asisubiri asubuhi.

Nyama isiwe na mjadala. Kuchemsha sana, kukausha au kubanika hakuaminiki kuua spora. Nyama iliyokwisha gawiwa majirani ifuatwe nyumba kwa nyumba, ichomwe.

Hatua ya 7: Kundi lililobaki

Litoe malisho hayo siku hiyo hiyo, kwa mwendo wa taratibu. Pima joto kila mnyama asubuhi na jioni. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Mwenye zaidi ya 40 atengwe, daktari aamue kumpa penisilini au oksitetrasaiklini. Maziwa ya mwenye homa yamwagwe kwenye shimo na yafukiwe. Yasifike kituo cha kukusanyia maziwa.

Chanjo na antibiotiki havichanganywi. Chanjo ya kimeta ni ya bakteria hai waliodhoofishwa, na sindano ya penisilini huwaua hao pia, ukabaki na cheti bila kinga. Aliyetibiwa achanjwe baada ya dawa kuisha mwilini, kwa muda atakaosema daktari. Asiye na homa achanjwe mara moja, ukijua kinga yake inahitaji siku kumi hivi kujengeka. Usiuze wala kuhamisha mnyama yeyote mpaka zipite siku 20 tangu kifo cha mwisho na daktari aruhusu.

Hatua ya 8: Ratiba ya mwaka

Kimeta na chambavu vina chanjo, na inatengenezwa hapa hapa nchini na Taasisi ya Chanjo Tanzania iliyopo Kibaha. Chanja mara moja kila mwaka, wiki tatu au nne kabla ya msimu ambao eneo lako huwa na vifo. Kwa wengi hapa ni kabla ya masika ya Machi. Wenye historia ya vifo vya mwisho wa kiangazi wachanje mapema zaidi. Ndama waanze wakifika miezi sita. Chanjeni kijiji kizima kwa siku moja, kwa sababu malisho ni ya pamoja na chupa moja ina dozi nyingi ambazo zikifunguliwa haziwekwi.

Andika daftari. Tarehe ya chanjo, tarehe ya josho, ng'ombe aliyekufa, umri wake, alikokuwa akila, na mahali alipozikwa au kuchomwa, kwa alama ambayo mtu mwingine anaweza kuitambua: "mita mia kusini ya mbuyu wa kisimani". Daftari hilo likae na mwenye zizi, si na mchungaji anayeweza kuhama kesho, na daktari akija apewe alisome kabla hajauliza chochote.